Mbona Huhemi?

Karakana ya makochi ilikuwa ya watu wawili: mwenye mali, fundi mnene, mpole, asiyependa maneno, na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hazimiki.

Saa saba mchana Redio alimaliza kisa cha kuchekesha, akashangaa mwenzake hacheki. Kugeuka, akamkuta amelala chali kati ya magodoro, mdomo wazi, misumari imemwagika ubavuni.

Alipiga simu ya dharura, akaiweka kwenye stuli kwa sauti ya juu. Aliyepokea alikuwa mwanamke; kwanza akauliza karakana iko wapi.

"Anapumua?"

"Alikoroma, halafu kimya. Kimya kirefu."

"Gari la wagonjwa limeshatoka, kaka. Mimi na wewe tunaanza sasa. Piga magoti ubavuni kwake. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, kandamiza kwa nguvu, harakaharaka. Hesabu nikusikie."

Redio akapiga magoti. Uso wa shemeji yake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Mikono ikagoma. Aliwaza mbavu zikivunjika, akawaza watu wakisema yeye ndiye aliyemmaliza. Lakini mdomo haukugoma.

"Moja, mbili, tatu, nne..."

Alihesabu vizuri kabisa, mikono ikiwa mapajani mwake. Akafika thelathini, akaanza upya. Akafika thelathini tena.

"Kaka," yule mwanamke akasema, "mbona huhemi?"

"Eh?"

"Anayekandamiza kifua cha mtu mzima huhema kama anapanda mlima. Wewe unahesabu kama mtu aliyekaa." Hakungoja jibu. "Sikuulizi kitu. Weka mikono. Sasa hivi, kaka."

Akaiweka. Ubavu ukalia ko! Akapiga yowe.

"Endelea! Ubavu utaunga."

Aliendelea, jasho na machozi vikimdondokea mgonjwa, mpaka wahudumu wa gari walipomvuta pembeni.

Fundi hakufa. Ila ulimi ulibaki mzito, na mikono ilitetemeka mno kushika sindano. Daktari alisema ubongo ulikosa damu kwa muda.

"Kama angewahiwa nusu dakika mapema?" Redio aliuliza.

"Hilo hakuna ajuaye."

Siku ya nne, kwenye korido ya hospitali, alimweleza dada yake kila kitu. Dada alikuwa anakunja shuka. Hakulia wala hakugomba.

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mbili."

Akaikunja ile shuka, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki.

"Kwa mume wangu hili lisifike," akasema. "Anafurahi kwamba ni wewe uliyemwokoa. Mwachie."

Basi Redio akamwachia. Sasa wamerudi nyumbani, na kila mgeni anapokuja kumjulia hali, fundi humwita shemeji yake akae karibu, humshika kiganja na kusema polepole, "Bila... huyu..." Wageni humpongeza, humwita mwanamume wa shoka. Dada huinuka kwenda jikoni, ingawa hakuna kinachopikwa.

Jana jirani mmoja aliomba asimuliwe tangu mwanzo. Redio alisema ameacha karakana wazi. Akatoka, akasimama nyuma ya nyumba ameegemea ukuta, mpaka alipomsikia mgeni anaaga.