Shule Iliyowahama Askari

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bawabu alifika kazini akakuta shule imesogea hatua arobaini kutoka barabarani. Lango lilikuwa limebaki palepale. Alilifungua, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa, akahesabu hatua mara mbili, kisha akaandika kwenye daftari la zamu: "Shule imesogea. Vioo vyote vizima."

Sababu haikumuumiza kichwa. Wiki mbili nyuma askari walipiga mahema kwenye ukuta wa darasa la pili na kupanga magunia ya mchanga chini ya madirisha. Tangu hapo waasi wa ng'ambo ya barabara walijua pa kulenga, na Jumamosi walilenga. Shule ilifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya.

"Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi," alisema mwalimu mkuu, akipangusa kengele.

"Hizi zetu zimeota miguu, mwalimu," akajibu bawabu.

Watoto walipita langoni, kanuni ni kanuni, wakavuka uwanja mtupu hadi madarasani. Mjukuu wa bawabu, aliyebaki mikononi mwake tangu mama yake afariki, alikaa darasa la pili, dawati la dirishani. Bawabu alimwona akifungua daftari, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Hatua arobaini si haba.

Kufika adhuhuri askari walikuwa wameshakunja mahema, wamebeba magunia na kuyapanga upya chini ya dirisha lilelile. Bawabu alimfuata kapteni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Shule inawakimbia nyinyi."

"Itukimbie vipi, na sisi ndio ulinzi wake?"

"Basi ilindeni kwa mbali."

"Huko mbali hakuna ukuta wa kujikinga, mzee wangu," alisema kapteni, tena kwa upole kabisa.

Jumapili iliyofuata shule ilisogea hatua mia mbili, na Jumatatu mahema yakaifuata. Ofisa elimu alikuja na futi yake ndefu, akapima, akatikisa kichwa. Uzio ulikuwa umeidhinishwa kujengwa mahali shule ilipo kwenye ramani, na hapo ndipo ulipojengwa: uzio mzuri wa matofali, ukiuzunguka msingi mtupu. Bawabu alikabidhiwa ufunguo wake, akatia sahihi.

Alhamisi risasi zilianza saa tatu, vipindi vikiendelea. Safari hii shule haikuondoka, kwa kuwa ilikuwa na watoto ndani. Ilichuchumaa. Kuta zilijikunja, madirisha yakashuka hadi usawa wa majani, na risasi zikapita juu ya mabati. Kimya kiliporudi, ilinyanyuka polepole, huku ikimwaga plasta. Watoto walihesabiwa, wakatimia. Mjukuu alitoka na vumbi jeupe kichwani, akilalamika kwamba penseli yake imevunjika. Bawabu alimkumbatia, akalia mbele ya walimu wote bila kuona haya.

"Babu, unanibana," mtoto akasema.

Jumatatu bawabu aliikuta shule mtoni. Ilikuwa imemaliza nchi kavu yote iliyokuwepo. Ngazi za nyuma zilikuwa ndani ya maji na ukuta wa jikoni ulikuwa bado unahema. Mto wenyewe ulikuwa mpana na hauna daraja. Aliandika kwenye daftari: "Shule imesogea. Haina pa kusogea tena." Kabla ya mapumziko askari waliwasili na magunia yao, wakilalamikia umbali. Kapteni aliuliza darasa la pili ni lipi siku hizi, akaonyeshwa.

Bawabu alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kumtoa mjukuu wake darasani kwa nusu saa. Mwalimu mkuu alimruhusu, kisha akamtazama kupitia dirisha akimkunjia mtoto sketi, akimshika tumbo juu ya maji, akimwambia apige miguu, apige, asiogope. Mtoto alikunywa maji, akakohoa, akapiga tena.

Mwalimu mkuu aligeukia ratiba ukutani. Akafuta kipindi cha hesabu cha darasa la pili, akaandika: kuogelea. Alisimama kidogo na chaki mkononi, kisha akafuta na cha darasa la tatu.