Dakika Kumi kwa Miguu

Mwaka 1996, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakiingia Kigoma kila siku, moyo wangu nao ulijaribu kunikimbia. Nilianguka mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegesha, juu ya dagaa wangu mwenyewe walioanikwa, mbele ya wapagazi niliowaita wavivu asubuhi ileile. Wao ndio walionibeba, na nasikia walipokezana mara tatu kwa uzito wangu.

Nilipotoka hospitali nilikabidhiwa kwa Concilie, muuguzi aliyekimbia vita kwao Burundi na sasa alikuwa akisaidia kwenye zahanati ya mtaani kwetu, Rusimbi.

"Mzee Leonardi, dawa peke yake haitoshi," aliniambia. "Utatembea. Wiki hii dakika kumi kila siku, wiki ijayo kumi na tano. Kifua kikibana, simama. Ukimaliza, njoo nikupime mapigo."

Kutembea! Mimi, tajiri wa dagaa, nitembee bila ninakokwenda, watu wakinitazama? Siku ya tatu nikapata ujanja. Nilimwomba jirani yangu Feliksi anipakie kwenye baiskeli hadi karibu na zahanati. Hapo bombani nikajimwagia maji usoni na kifuani, nikaingia nikihema.

"Shikamoo, Mzee. Umetembea?"

"Marahaba. Nimetembea mpaka basi."

Concilie akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, kisha shati langu.

"Ajabu," akasema. "Shati limekimbia, moyo umekaa kitako."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Nikacheka nao, ningefanya nini?

Kesho yake alinifuata nyumbani. Nilimkuta mke wangu, Marcelina, ameshaniwekea viatu mlangoni. Walikuwa wamepanga. Tukaanza kupanda mlima, Concilie na mimi. Nililalamikia jua, mawe, goti. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alitupita, akanipa pole.

"Wewe huchoki?" nilimuuliza Concilie.

"Kuja huku nilitembea siku sita, mtoto mgongoni," alijibu. "Buhorobuhoro, Mzee. Polepole tu."

Nikaendelea kupanda. Hata goti lilinyamaza.

Mwezi wa nne wa kutembea nilifika Kibirizi kwa miguu, kifua kimetulia. Jioni nilimsimulia Marcelina safari nzima, kona baada ya kona, mpaka akasinzia. Concilie yeye aliniongezea dakika tano.