Mkono wa Mehitable

Jumanne, tarehe tano Julai, mwaka 1692, mke wangu Mehitable alimtuliza mtoto wa watu mbele ya mahakama. Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Koloni letu la Massachusetts lilikuwa na bahati ya kutawaliwa na wasomi. Mahindi yalikauka, mashamba ya mpakani yakachomwa vitani, na gavana hakuwa na askari wa kutuletea. Majaji alikuwa nao. Wakaja watatu, wakalala kwa Mchungaji Crale, wakala nyama yetu ya nguruwe, wakagundua kwamba shida yetu ni wanawake.

Patience Orcutt, binti wa jirani yetu, alikuwa akianguka na kukakamaa. Waliuliza nani anamtesa. Hakujua. Wakamsaidia kwa kumtajia majina, mpaka akaitikia jina la mke wangu. Mehitable, bahati mbaya, alishawahi kumwambia Mchungaji hadharani kwamba kuni tunazompa zingetosha kama angefunga mlango wake.

Majaji walikuja na kipimo. Sumu ya mchawi, walisema, humtoka machoni ikamwingia mgonjwa. Mchawi akimgusa mgonjwa, sumu humrudia mwenyewe. Kwa hiyo mgonjwa akitulia, wewe ni wa kamba ya kunyongea. Jaji Winslade alikieleza kipimo hicho kama fundi aliyekichonga mwenyewe.

Kabla hawajaanza nilimsogelea mke wangu pale kizimbani.

"Wakikuambia umguse, kataa."

"Nikikataa watasema naogopa."

"Waache waseme. Bora uoga kuliko kamba."

Patience akaingizwa, akamwona, akaanguka. Safari hii aliuma ulimi, damu ikamtoka, midomo ikawa ya bluu. Mama yake akapiga kelele. Katika majaji watatu hakuna aliyenyanyua hata tako.

"Mguse," akasema Jaji Winslade.

"Mehitable, usithubutu!" nikapaza sauti.

"Nyamaza, Tarbox, au utatolewa nje."

"Nitoeni basi, mheshimiwa, lakini nitoke na mke wangu."

Watu wakacheka. Mehitable hakucheka. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Obed, huyu anakosa pumzi," akaniambia.

"Na wewe je?"

"Nimemuuguza surua huyu. Unataka nimkodolee macho tu?"

Akapiga magoti na pingu zake, akamgeuza mtoto ubavu, akampitishia kiganja kisogoni. "Haya mama, haya. Tema hiyo damu. Vuta pumzi. Taratibu, nani anakukimbiza?"

Mtoto akavuta pumzi. Akafumbua macho, akamlalia mapajani.

"Mmeona wenyewe," akasema Jaji, naye karani akaandika kwamba tumeona.

Walipokuja kumnyanyua mke wangu, Patience alimng'ang'ania sketi. "Msimchukue! Bibi Tarbox hajanifanya kitu!"

Mchungaji Crale akatueleza kwamba anayesema hapo ni shetani. Inaelekea walikuwa wanafahamiana, maana aliitambua sauti mara moja.

Walimnyonga kilimani kabla ya mavuno. Mchungaji aliomba dua ndefu sana. Angalau safari hiyo hakuna aliyemhimiza amalize.

Baada ya miaka mitano serikali ikahisi kwamba huenda kuna mahali ilikosea kidogo. Ikatangaza siku ya kufunga na kutubu, nasi sote tufunge, hata sisi tuliofiwa. Nilifunga. Watu walipotoka kanisani nikamngoja Jaji Winslade mlangoni.

"Mheshimiwa, nina swali."

"Leo ni siku ya toba, Tarbox. Si ya maswali."

"Ni dogo tu."

Akavaa kofia, akapanda farasi. Mchungaji naye, nilipomgeukia, alikumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea. Nimewaandikia wakubwa wa Boston, nao wamenijibu kwamba wananiombea. Kwa hiyo nauliza hapa, labda yupo anayejua: siku ile, kama mtoto asingetulia, wangemwachia mke wangu arudi nyumbani?