Nusu ya Kinyozi

Fundi wa mapazia alikuwa amebana pini mdomoni, akipima upindo wa pazia la mteja, simu ilipomuuliza mumewe alikuwa akimwita nani walipokuwa peke yao. Swali lilipambwa kwa maua mekundu. Chini yake watu wengi walikuwa wameshajibu: Asali, Mboni, Mama Kelele. Tangu mumewe kinyozi afariki, fundi alikuwa ameulizwa habari za mirathi, za kodi ya kibanda na za mashine za kunyolea. Hilo hakuna aliyemuuliza. Akatoa pini mdomoni moja moja, akaandika: Kijiko.

Aliitwa hivyo kwa sababu walipoanza maisha nyumba ilikuwa na kijiko kimoja, na kila mmoja alidai ni zamu yake. Ndilo lilikuwa pia neno la siri la akaunti ya marehemu ya mtandaoni. Humo mlikuwa na sauti zake: anaulizia bei ya nyembe, anaimba vibaya, anamwomba mkewe asimfungie mlango. Fundi alizisikiliza kila alipopiga pasi. Hakuzihifadhi mahali pengine. Aliziacha humo kama mtu anavyoacha kaburi, akijua halihami.

Mchana wifi yake akapiga simu.

"Wifi, kaka kanisalimia."

"Kaka yupi?"

"Ninao wangapi? Kinyozi. Kaniuliza hali, kisha akaomba nimsomee namba zilizoingia kwenye simu yangu."

"Ukamsomea?"

"Tangu afe hajawahi kuniomba kitu. Ningemnyima kwa uso upi?"

Baadaye kidogo hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mumewe, amevaa shati la bluu la kwenye picha ya akaunti, anatabasamu. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuwa na kitu, kwa kuwa picha iliishia hapo. Alielea usawa wa kitasa. Fundi akamsogezea kiti, kwa adabu tu.

"Kijiko, za hapa?"

"Nzuri. Sauti zako zipo?"

"Zipo zote. Nikumbushe tu tarehe uliyozaliwa, na jina la mama yako mzazi."

Tarehe haikumshangaza fundi. Kinyozi aliisahau kila mwaka. Lakini jina la mama mkwe asingelisahau: kinyozi ndiye aliyemnyoa mama huyo nywele mpaka mama alipofariki, na wakati wa kumnyoa hawakuacha kutaniana kwa majina. Fundi akarudisha pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu kitu. Yule nusu akasubiri mpaka jioni, akasema ana watu wengine wa kuwasalimia, akatoka.

Kesho yake asubuhi akaja kinyozi mwenyewe, mzima, na ndala miguuni, aproni imejaa nywele za wateja. Aliomba chai, akaionja, akasema sukari haikutosha.

"Nasikia nawasumbua watu," akasema.

"Si wewe."

"Najua si mimi. Mimi nilikuwa nimelala."

Wifi alipofika alimkagua kaka yake kuanzia juu hadi chini. "Huyu ana miguu," akasema. "Basi ndiye."

"Ungetafuta miguu kabla ya kusoma namba," akasema fundi.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kwa hiyo msinipe."

Walikwenda wote watatu kwenye kituo cha huduma za mtandao, wakakaa kwenye benchi mpaka wakaitwa. Binti wa dirishani aliuliza akaunti ni ya nani.

"Yangu," akasema kinyozi.

"Na wewe ni nani wake?"

"Marehemu."

Binti akaandika. Akamwambia atazame kamera, ageuke kushoto, ageuke kulia, kisha apepese macho. Kinyozi alishindwa hapo. Marehemu hapepesi. Alijaribu, akakaza shingo. Wifi akampuliza machoni. Kope hazikutikisika.

"Mfumo unasema si mtu aliye hai," akasema binti.

"Ni kweli."

"Halafu mwenye akaunti alishathibitishwa jana. Alipepesa vizuri sana." Akageuza kioo wamwone yule nusu, anatabasamu.

"Huyo hana kiuno," akasema fundi.

"Mfumo hauangalii kiuno, mama."

Fundi akauliza kuhusu sauti. Binti akabonyeza. Mwenye akaunti alikuwa amezifuta zote, apate nafasi. Fundi akamwomba atazame tena. Binti akatazama tena, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, maana alikuwa na huruma.

Nyumbani fundi alipiga pasi bila kitu cha kusikiliza. Kinyozi alikaa kando ya cherehani. Simu haikunyamaza: Kijiko, umeshinda jokofu. Kijiko, akaunti yako itafungwa leo. Kijiko mpenzi, bonyeza hapa.

"Kij..." akaanza kinyozi, akaacha. "Limeshapita midomo mingi hilo."

Akajikuna kidevu, kama alivyofanya kila alipoletewa kichwa kigumu kunyoleka. Kisha akainama sikioni mwa mkewe, akampa jina jingine. Fundi alicheka mpaka pasi ikaacha alama kwenye pazia la mteja.

"Kakuitaje?" akauliza wifi.

"Nishikie upindo, wifi."

"Mimi ni dada yake wa damu."

"Ndiyo maana sikuambii."

Kinyozi akamaliza chai. Akasema atakuwa anapita siku za pasi, apige soga, na kama lazima ataimba. Akaaga, akaenda zake kwa miguu. Hakuwa amefika mbali hodi ikapigwa tena.

"Kijiko! Kijiko!"

Wifi ndiye aliyefungua. "Umekosea nyumba," akasema. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Yule nusu akaomba radhi kwa upole. Akauliza kama dada yake anaweza angalau kumsomea namba zinazoingia kwenye simu sasa hivi. Wifi akalitazama lile shati la bluu, na lile tabasamu, lile lile la kaka yake. Akaanza kutafuta miwani.