Suti ya Bwana Katibu

"Suti au si suti?" Bhombol aliuliza tangu mbali, hata kabla hajatua ndoo yake ya samaki.

Baleshwar alikuwa mezani pake pa kupigia pasi. Alipuliza makaa ndani ya pasi, akaifunga, akaisogeza karibu na shavu kupima moto wake, kisha akatandaza koti la kijivu juu ya meza, bega la kushoto kwanza.

"Mama yangu!" Bhombol akashika kichwa kwa mikono yenye magamba ya samaki. "Ni suti! Shemeji Jhorna, njoo uone! Katibu katoa suti!"

Jhorna aliuza chai upande wa pili wa kichochoro, na wakati huo alikuwa na watu sita wanaosubiri vikombe vyao vya udongo. Hakuja, ila sauti yake ilikuja. "Mara ya mwisho aliivaa kwenye harusi ya binti yake!"

"Na binti anaye mmoja tu," alisema Mzee Ponchanon kutoka kwenye benchi la Jhorna. Huyu alikuwa kondakta wa tramu kwa miaka thelathini na tano, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuongea kama mtu anayewaambia abiria kwamba gari limejaa. "Basi haendi harusini. Anakwenda kutuuza."

Wiki mbili nzima hapakuwa na habari nyingine mtaani Kumarpara. Gazeti moja la Kolkata lilikuwa limeandika mistari minne, tena chini kabisa ya ukurasa: mwekezaji ambaye hakutajwa anaitaka klabu ya mpira ya Kumarpara Union. Mistari hiyo minne ilisomwa mpaka karatasi ikachakaa. Timu yenyewe, ambayo wenyewe huiita Wafinyanzi, ilikuwa hoi. Nusu ya jukwaa la mbao ilifungwa kwa sababu ya mchwa. Msimu uliopita walinusurika kushuka daraja kwa bao moja la bahati, bao ambalo mpaka leo kipa wa wapinzani analikataa. Na Bwana Adhikari, katibu wa klabu, alikuwa amewatangazia wote waziwazi: asipopatikana wa kuibeba, mwakani haandikishi timu kwenye ligi.

"Ni wale wa saruji," Bhombol alisema. "Wana viwanda tisa."

"Mimi nimesikia ni mcheza sinema," alisema Jhorna, ambaye sasa alikuwa amefika na birika mkononi. "Yule wa macho mazuri."

"Shemeji, wewe ungependa iwe macho mazuri tu, hata kama hajui mpira ni wa duara!"

"Na wewe je, unajua? Jumapili ulipewa pasi ukiwa peke yako na goli, ukaupiga mpira ukaingia jikoni kwa watu."

Walicheka. Mzee Ponchanon hakucheka. "Watakuja na kocha Mhispania," alisema, "na viti vya plastiki, na muziki wa kutoboa masikio. Nyinyi mtabaki nje mnaangalia mechi kwenye simu. Mtayakumbuka maneno yangu."

"Mzee, wewe hata jua likichomoza unalidai kitambulisho." Bhombol akamgeukia mpiga pasi. "Kaka Baleshwar, wewe ndiye unayeshika nguo zake. Tuambie, suti inasemaje?"

"Inasema imekaa sana kabatini," Baleshwar alijibu. "Inanuka dawa ya nondo."

Alikuja mjini kutoka kijiji kimoja cha jimbo la Bihar akiwa na miaka kumi na tisa, hajui Kibengali hata cha kuombea maji. Swali la kwanza aliloulizwa kwenye kichochoro hiki lilikuwa yeye ni shabiki wa nani. Hakulielewa, akatabasamu, na mtu mmoja akamrushia jezi ya zambarau aipige pasi. Hivyo ndivyo alivyokuwa Mfinyanzi. Mwaka huu ulikuwa wa thelathini na moja, na kila siku ya mechi jezi kumi na nane zilipita mikononi mwake. Alizifua na kuzipiga pasi zikiwa zimegeuzwa ndani nje, ili moto usiyeyushe namba mgongoni.

Alimaliza koti akashika suruali. Kabla ya kuweka pasi aliingiza vidole mifukoni, kama alivyofanya kwa kila suruali iliyowahi kufika mezani pake. Mfuko wa nyuma ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua akidhani ni risiti.

Ilikuwa picha ya jezi. Nyeusi, na kifuani mwali wa moto rangi ya machungwa, na juu ya mwali jina la kampuni kwa herufi kubwa. Baleshwar husoma polepole, lakini siku ile alisoma mpaka herufi ndogo za chini, moja moja. Hakuiona Kumarpara. Hakuiona zambarau. Palipokuwa na gurudumu la mfinyanzi, nembo yao tangu enzi za babu zake Mzee Ponchanon, pamebaki kitambaa kitupu.

"Kaka, unaunguza meza!" Jhorna alipiga kelele.

Aliinyanyua pasi haraka. Shuka la mezani lilikuwa limebaki na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Hatua mbili tu kutoka alipokuwa, Bhombol alikuwa akipanga namna mwekezaji atakavyonunua mshambuliaji kutoka Brazili. Baleshwar aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya shati lake, upande wa moyo, akaendelea na suruali. Katika mifuko ya watu alishakuta barua za mapenzi, vyeti vya hospitali, jino la dhahabu. Vyote vilirudi kwa wenyewe na habari zake zikaishia hapo. Lakini siku ile kimya kilimlemea. Kila Bhombol alipocheka, yeye alikwepa kumtazama usoni.

Baada ya chakula cha mchana aliipeleka suti mwenyewe. Bwana Adhikari alimfungulia mlango akiwa na fulana ya ndani, miwani juu ya paji la uso. Baleshwar alimpa suti kwa mkono mmoja na karatasi kwa mkono wa pili.

Katibu aliitazama karatasi, akakaa chini palepale kwenye ngazi ya mlango. "Umeiona."

"Nimeiona, Bwana."

"Umemwonyesha nani?"

"Vya mifukoni mwa watu mimi sivitembezi. Unanijua."

"Nakujua." Alivua miwani akafuta vioo kwa ncha ya fulana. "Kesho saa tano nakutana nao. Wanataka vyote, Baleshwar. Jina, rangi, nembo. Nikikataa, mwakani hakuna timu. Nikikubali, sijui kama kutakuwa na timu pia. Wewe ungefanyaje?"

"Mimi mpiga pasi, Bwana."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wengine wote wana hotuba."

Baleshwar alisimama pale mlangoni, mikono haina cha kushika. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu klabu jambo lolote zaidi ya jezi zitakuwa tayari saa ngapi.

"La kuchagua silijui," alisema mwishowe. "Ila Bhombol anafungia samaki kwenye magazeti. Usimwache aje kuipata habari hii akiwa anamfungia mtu samaki. Waambie wewe mwenyewe, kabla hujaenda."

"Watanirarua."

"Watapiga kelele. Lakini watakupigia wewe, si mlango uliofungwa."

Katibu aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na Baleshwar akarudi mezani bila kujua kama amesema jambo la maana au amekosa adabu.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu na nusu, kichochoro kilinyamaza ghafla. Bwana Adhikari alikuwa anakuja kwa miguu, ndani ya suti, mwavuli kwapani. Hakuna aliyekumbuka kuwahi kumwona kwenye benchi la Jhorna. Aliitikia salamu kwa kichwa, akafika mezani kwa Baleshwar, akaitandaza karatasi juu ya shuka.

"Haya," alisema. "Hiki ndicho wanachotaka. Nimeona mkione kwa macho yenu."

Bhombol alisogea wa kwanza. Aliiangalia muda mrefu. "Hii ni jezi au ni bango la soda?" aliuliza, akitaka kucheka, na cheko likamkwama. Mtu huyu anayeinua peke yake sanduku la barafu linalohitaji wanaume wawili aligeuka ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Gurudumu liko wapi?" aliuliza Mzee Ponchanon.

"Halipo, Mzee."

Hapo ndipo kelele zilipolipuka. Msaliti! Mwizi! Mtu mmoja alimwuliza katibu kama ameuza na mama yake pia. Jhorna alimwamuru mtu huyo aweke kikombe chini aende zake. Bwana Adhikari alisimama katikati, hajitetei, jasho linamtiririka hadi kwenye ukosi.

Aliyezima moto ule alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. "Chukua pesa zao," alisema Mzee Ponchanon.

"Mzee!" Bhombol akageuka, macho mekundu.

"Nimesema achukue. Nina miaka sabini na minane. Nimeilalamikia timu hii tangu sijaota ndevu. Mwakani Jumamosi nitalalamikia nini, hali ya hewa?" Akakohoa kwa nguvu. "Zichukue. Lakini zambarau, Adhikari, zambarau ipiganie. Kaa kwenye kile kiti chao kama abiria asiye na tiketi. Usiteremke mpaka wakuburute."

"Na jina," alisema Jhorna. "La kwao waliweke mbele, waliweke juu, walichore hata kwenye soksi. Ila Kumarpara isitoke."

"Na gurudumu," Bhombol alisema, bado akitazama ukuta. "Hata likiwa dogo."

Katibu aliikunja karatasi. Alikuwa ameanza kuondoka Baleshwar alipomshika mkono. "Vua koti, Bwana. Ukosi umelowa, umekunjamana." Akalivua. Baleshwar alinyunyiza maji, akapitisha pasi mara tatu, akamvalisha mwenyewe kwa nyuma kama anavyovalishwa bwana harusi. Kichochoro kizima kilisimama kikiangalia, na hakuna aliyecheka.

Jibu lilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo Jhorna aliuza chai nyingi kuliko siku za sikukuu ya Puja. Lilipokuja, lilikuwa nusu kwa nusu. Jina la kampuni mbele, Kumarpara nyuma. Zambarau nyumbani, mwali wa moto ugenini. Gurudumu lilibaki, dogo kama kifungo cha shati. Bhombol aligawa samaki wa hilsa kwa nyumba saba, halafu siku nzima akawa anawauliza watu kama wameshinda au wameshindwa.

Jioni yake Bwana Adhikari alikuja mezani peke yake, akasubiri mpaka mteja wa mwisho aondoke.

"Kuna jambo nataka ulisikie kwangu," alisema. "Jezi zitafuliwa na kupigwa pasi na kampuni. Wana mitambo yao. Imeandikwa kwenye mkataba, nami sikugundua mpaka nimeshatia saini. Tulipigania yote, Baleshwar. Hili sikulifikiria."

Baleshwar alikuwa anakunja sari ya mtu. Aliimaliza, pindo juu ya pindo, akailaza pembeni.

"Hata mimi sikulifikiria, Bwana," alisema. "Asante kwa kuja."

Siku ya mechi ya kwanza ya ligi, mwezi wa Juni, mikono yake ilimwamsha mapema kama kawaida, nayo haikuwa na kazi. Saa saba mchana Bhombol alikuja akamwambia azime makaa. "Leo unakwenda uwanjani."

"Mimi huenda uwanjani kila mechi."

"Wewe huenda kwenye hema la jezi chini ya jukwaa, kaka. Miaka thelathini na moja unasikia mpira tu. Twende ukauone."

Ilikuwa kweli. Magoli yote ya Kumarpara aliyajua kwa mshindo wa miguu kwenye mbao juu ya kichwa chake. Sasa walimkalisha kati ya Jhorna na Mzee Ponchanon, wakampa njugu, na timu ikaingia na zambarau mpya inayong'aa. Baleshwar alikodoa macho. Sura zile zote zilikuwa ngeni kwake.

"Yule ni nani?" alinong'ona.

"Namba nne?" alisema Jhorna. "Beki wetu, Lalrinpuia."

"Ahaa." Uso ulimchangamka. "Huyu hutokwa jasho upande wa kulia tu. Na kwapa lake la kushoto huchanika kila mechi ya tatu, kwa sababu hushika watu."

"Anashika, ndiyo!" Mzee Ponchanon akamgeukia kwa mshangao. "Ninasema hivyo kila wiki, hakuna anayenisikiliza! Na yule winga, namba kumi na moja?"

"Huyo jezi yake hurudi safi."

Safu mbili za watu ziliangua kicheko, na wa safu ya tatu wakauliza amesemaje. Mvua ilianza kunyesha, miavuli ikafunguka jukwaa zima, maneno yakapita safu hadi safu kuelekea kwa Baleshwar: muulizeni kuhusu kipa. Yeye hakusikia. Kule chini namba nne alikuwa ameteleza, ameanguka kifudifudi, sasa anainuka kwenye maji, zambarau yote imegeuka tope. Baleshwar alikuwa ameinama mbele, njugu mkononi, akimtazama anavyojifuta uso kwa mkono wa jezi.