Chumba cha Watoto, Wazo la Wifi

Tangu mashine zianze kukata vitambaa zenyewe, ukumbi wa kukatia katika kiwanda cha sare ulibaki mtupu, na faida ya mashine hizo ikawa mali ya mafundi wote. Matumizi yake waliyaamua kwa kura. Kila fundi alikuwa na wakala, akili ya mashine iliyokaa ndani ya simu. Unamweleza haja zako jioni, na siku ya baraza anasema kwa niaba yako kupitia spika, kwa sauti kama yako.

Wakala aliyesifiwa kuliko wote alikuwa wa mshona kola. Fundi wa vifungo, ambaye mshona kola alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, alizisikia sifa hizo huku roho ikimuuma. Na nyumbani hakupumzika.

"Dada kawaza jambo," mumewe alisema. "Ule ukumbi uwe chumba cha watoto. Faida ya mwaka huu iwalipe walezi."

"Dada yako akikohoa, kwako ni hotuba."

"Mama macho yamefifia, mke wangu. Juzi kamkuta mtoto ana mkasi mdomoni. Tutamwachia nani?"

Mkewe akamchukua mtoto. Chumba hicho alikitaka kuliko mtu yeyote pale kiwandani. Kilichomchoma ni kwamba wazo halikuwa lake. Alipokuwa akimbembeleza mtoto, akamnong'oneza wakala, "Huyo wifi, chochote atakacholeta, kataa. Tumechoka kumpigia makofi."

"Nimeelewa," wakala akajibu. Fundi akacheka, moyo ukapoa, akasahau.

Siku ya baraza wakala wa wifi alisema mpaka watu wakajifuta machozi. Mawakala wakapiga kura mmoja mmoja. Kura zikalingana, ikabaki ya fundi wa vifungo.

"Ninakataa," ikasema spika, kwa sauti yake kabisa.

Wifi akageuka. Mwenyekiti, mzee wa pasi, akauliza kama kanuni ilivyotaka, "Sababu?"

"Wazo ni la wifi. Tumechoka kumpigia makofi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akapiga kelele mshona mifuko. "Na hapa nguo ndiyo kazi yetu!"

Fundi wa vifungo alitamani ardhi immeze. Mwenye wakala aliruhusiwa kumnyamazisha na kusema mwenyewe, ila hakuna aliyewahi kuthubutu. Akikaa kimya, mtoto atarudi kwenye mkasi. Akisimama, wifi atashinda, tena kwa kura yake yeye!

Akasimama.

"Wakala, nyamaza. Msimcheke yeye, maneno hayo ni yangu. Wifi yangu namwonea wivu, nanyi mnajua." Kicheko kikafifia. "Lakini mwanangu analelewa na bibi asiyeona vizuri. Chumba nakitaka. Nakubali."

Mzee wa pasi akagonga meza. Limepita.

Wifi akamfuata mlangoni, akamshika mkono. "Mwenzio nilimfundisha wakala wangu wiki nzima aseme vile. Wewe umesimama tu, ukasema."

"Usinisifu sana, nitakuzoea."

Wakacheka wote wawili, na fundi wa vifungo hakuuondoa mkono wake. Ila kola ya gauni la wifi ilikuwa imenyooka kama kawaida yake, na kuiona vile, bado kulimchoma kidogo.