Theluji Aliyoiacha Hidezo

Mimi theluji imenichosha. Asubuhi naizoa mlangoni, mchana naishusha kwenye paa, na jioni, ikianza kuanguka upya, nawapikia wageni waliotoka mbali kuja kuitazama. Tangu mume wangu afariki, nyumba yetu nimeigeuza ya wageni. Nawapakia garini mwenyewe na kuwapeleka kwenye vilima vya Biei wakapige picha. Wakisema, "Lo, uzuri ulioje!" naitikia, "Naam," huku mgongo unaniuma. Sisi tuliozaliwa Hokaido baridi haitushangazi, inatutafuna tu.

Mgeni mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kunichosha, Fusae Nukaga wa Osaka. Kila Februari alikuja na mumewe kupiga picha ya mti mmoja, mwaloni uliosimama peke yake katikati ya shamba la shemeji yangu Hidezo. Mume alibeba mkoba na stendi ya kamera, mke akasubiri. Alisubiri hadi jua litokeze na barafu iwake matawini, akapiga mara moja au mbili, basi, tukarudi kunywa supu ya miso.

Tena hakuwahi kulikanyaga shamba, na hilo si jambo dogo. Chini ya theluji ile imelala ngano. Theluji ikishindiliwa na miguu ya watu inaganda, haiyeyuki upesi, na ngano iliyo chini yake inaoza. Wapiga picha wengine huiruka kama mbuzi kamba aliyoizungushia Hidezo shamba lake. Hidezo huwafukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, nami ndiye ninayebaki kuomba radhi.

Mwaka ule Februari ilipita bila Fusae. Alikuwa amelazwa. Alipokuja kunipigia simu ilikuwa Machi, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Dada Itsuyo, daktari ameniruhusu kwa siku chache. Nataka mti wangu mara moja tu, na theluji yake ikiwa safi. Baada ya hapo sitakusumbua tena."

Nilimwelewa. Nikamwambia njoo. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka unga.

Kwetu Machi ni mwezi wa kumwaga unga wa mkaa. Wakulima huunyunyiza juu ya theluji, weusi wake unavuta jua, theluji inayeyuka mapema, ngano inapata kupumua. Mkulima akichelewa, ukungu unamwozeshea ngano yake. Akishamwaga, shamba zima linageuka jeusi kama sufuria ya kuni. Nilimpigia shemeji, hakupokea. Simu yake huwa anaiacha jikoni na kuisahau humo.

Asubuhi tuliyotoka, mashamba ya majirani yote yalikuwa yameshakuwa meusi. Fusae alitazama dirishani, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Mumewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Na la shemeji yako, dada?"

"Sijui, Bwana Nukaga. Huwa yeye ndiye wa kwanza kumwaga."

Tulipokipanda kilima cha mwisho tukaliona. Lilikuwa jeupe. Shamba jeupe peke yake kati ya mashamba meusi, na mwaloni katikati, umevaa barafu hadi kwenye vitawi vya mwisho. Fusae alinishika bega kutoka nyuma. Nikashukuru Mungu na mizimu yote ya kwetu. Kisha nikasikia injini. Juu kabisa ya shamba, trekta la Hidezo lilikuwa limeanza kushuka, na nyuma yake wingu jeusi.

Bwana Nukaga aliruka nje kabla gari halijasimama sawasawa. "Simama! Bwana, simama!" Akakimbia akipunga mikono mpaka kwenye kamba, na hapo akakwama. Hata siku ile hakuivuka.

Hidezo akazima injini, akaja kwa miguu, uso mweusi tii kwa unga.

"Nani huyo anayepiga kelele? Kibao hamkioni?"

"Ni mimi, shemeji. Nimekuletea wageni."

"Leo ndiyo unaniletea wageni? Chelewa chelewa, shemeji, utamkuta mwana si wako!"

"Tupe nusu saa tu," Bwana Nukaga alisema, akainama mpaka kofia ikamdondoka. "Nakuomba sana. Mke wangu..."

"Nusu saa! Mzee, wenzangu walimwaga wiki iliyopita. Wananicheka. Mke wangu ananiuliza kama nimerogwa. Kila nikiamka nasema leo namwaga, halafu nasema aa, ngoja kwanza, yule mama wa Osaka hajaja. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Ngano ikioza nitakula nini mimi? Picha?"

Miaka yote ile sikujua kwamba Hidezo hata anaijua sura ya Fusae.

Mlango wa gari ulifunguka. Fusae alishuka taratibu, akiushika kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unaningoja mimi?"

Hidezo aliyatazama mabuti yake. "Wewe hujawahi kunikanyagia shamba."

"Basi rudi kazini. Ngano isife kwa ajili yangu. Ila pita karibu na mti, nataka na wewe uwemo."

"Mimi? Na uso huu?"

"Na uso huohuo. Picha za mti mweupe ninazo nyingi nyumbani, mpaka nimezichoka."

Alikuwa anadanganya. Nilimwona anavyoitazama ile theluji ya chini ambayo haijaguswa, nikaumia.

Mumewe akasimamisha kamera. Trekta likateremka, likaupita mti, weusi ukaja nyuma yake. Fusae akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kamera, hakikufika.

"Bonyeza wewe, baba."

"Mama, mimi kazi yangu kubeba. Sijawahi kupiga hata moja."

"Leo piga. Mwenzio anapita!"

Akabonyeza huku machozi yanamtoka. Fusae akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Umeipinda," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Usiinyooshe. Iache hivyohivyo."

Alifariki kabla majani ya mwaloni ule hayajaanguka. Nilienda mwenyewe kumpa Hidezo habari. Aliitikia tu, akaendelea kufunga magunia.

Machi iliyofuata nilipita pale nikiwa peke yangu. Hidezo alikuwa anamalizia kumwaga. Shamba lote lilikuwa jeusi, isipokuwa chini ya mti, alikozungusha trekta akaacha theluji nyeupe upana wa ua wa nyumba.

"Shemeji, pale umeparuka."

"Sijaparuka."

"Patakuozea. Na mama wa watu hayupo tena, si nilikuambia?"

"Uliniambia." Akapanda trekta lake. "Lakini hata mwaka jana alichelewa, na akaja."

Akawasha injini, akaenda zake. Mimi nilibaki pale kambani. Paa langu lilikuwa linanisubiri, na wageni walikuwa hawajapikiwa. Nikasimama nikiitazama theluji ile mpaka miguu ikafa ganzi.